Kufunga alamu na rimoti ya kuwashia gari kwa mikono yako, Mwanza

Kama gari lako ni la manyuali na unaishi Bugarika, Igogo au mlima wowote ambako gari hulala kwa gia na jiwe nyuma ya tairi, soma mwongozo huu kwa ajili ya alamu tu. Sehemu ya kuwasha injini kwa rimoti iruke. Rimoti haijui kwamba umeacha gia ya kwanza ndani. Utabonyeza ukiwa sebuleni, stata itazunguka, gari litaruka mbele, na huku kwetu kwenye miamba kinacholisubiri chini ni paa la jirani. Yapo maboksi, yaani kifaa kikuu kinachoendesha alamu na rimoti, yenye utaratibu wa gari la manyuali, ambapo unavuta handbreki, unatoa ufunguo injini ikiwa bado inaunguruma, unashuka na kufunga milango ndipo lizime lenyewe. Utaratibu mzuri kwenye karatasi. Mimi sijamfungia mtu na sitamfungia.

Wa pili wa kuachwa nje ni gari la kitufe, lile lisilochomekwa ufunguo. Vifaa ninavyovieleza hapa ni vya magari yenye swichi ya kuzungusha: IST, Vitz, Raum, Spacio, Noah za zamani na wenzao waliojaa mjini.

Wa tatu ni ufunguo wenye chipu. Kipimo chake hakina gharama. Fungia kichwa cha ufunguo kwa karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia nyama choma, izunguke mara mbili tatu, kisha jaribu kuwasha. Injini ikigoma au ikiwaka na kuzima hapo hapo, gari lina imobilaiza, kinga ya kiwandani inayoitafuta chipu hiyo, na rimoti peke yake haitaliwasha. Itabidi uongeze kifaa kinachoificha chipu ya ufunguo wa pili ndani ya dashibodi. Maana yake ni kwamba umeuacha ufunguo ndani ya gari moja kwa moja, ukaondoa kinga ya kiwandani ili upate anasa. Kwa gari la namna hiyo ningefunga alamu peke yake.

Anasa nimeitaja makusudi. Baridi ya kupashia injini moto hatuna. Faida ya kuwasha kwa mbali Mwanza ni kiyoyozi: gari limeshinda juani Kirumba, unalikuta limepoa. Linalokulinda na mwizi ni king'ora na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kukata stata. Hesabu siku nzima ya Jumamosi kwa mara ya kwanza, na usianze saa kumi jioni ukitegemea kumaliza kabla ya giza.

Vitu vya kuwa navyo

Multimita ya dijitali ndiyo ya kwanza, na kazi nzima inaitegemea. Kisha bisibisi ya nyota na ya bapa, soketi ya namba 10, plaizi ya kukata, kifaa cha kulehemu kama cha mafundi redio pamoja na risasi yake, mipira ya kusinyaa kwa joto, tepu nzuri ya umeme, vibanio vya plastiki, karatasi ya gundi ya kuandikia majina ya waya, na bomba la plastiki lenye mikunjo la kupitishia waya upande wa injini.

Bomba hilo usilione la ziada. Ukibeba dagaa kutoka soko la Mwaloni mara mbili kwa mwezi, panya wanalijua gari lako kwa harufu, na wakikosa dagaa watatafuna waya.

Taa ya kupimia, ile yenye balbu na sindano, iache nyumbani. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko mita, na ukiigusisha kwenye waya usioufahamu unaweza kuunguza kompyuta ya gari au kufyatua mfuko wa hewa. Hapo hapo chukua sheria moja isiyo na mjadala: plagi na waya wa njano chini ya usukani ni vya mifuko ya hewa. Usipime, usichubue, usichomoe.

Unaponunua boksi, tafuta lenye mchoro wa waya unaosomeka na lenye kitufe cha dharura cha kuzimia alamu bila rimoti. Lisilo na kitufe hicho litakulaza njiani siku betri ya rimoti itakapokufa. Kama unataka na kuwasha, hakikisha lina kishada cha pili chenye waya nene. Waya wa nywele hauwezi kubeba umeme wa swichi. Hizo nene zisipungue milimita za mraba 2.5, na zinazoleta umeme kutoka betri zikifika 4 ni bora zaidi.

Rangi ya waya

Alamu yangu ya kwanza nilifungiwa na fundi kwa dakika arobaini. Hakutoa mita kwenye begi. Alitazama rangi, akasema Toyota zote anazijua, akachubua, akasokota, akazungushia tepu. Wiki ya tatu, nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, gari lilizima na halikuwaka tena. Watu wa nyuma walipiga honi, mmoja akashuka kunisaidia kusukuma pembeni. Nilipofungua plastiki chini ya usukani nikimulika kwa simu, nilikuta tepu imeyeyuka na kuteleza, na waya wa swichi umeungua kwenye msokoto. Rangi aliyoitafuta alikuwa ameipata. Tatizo ni kwamba rangi hiyo hiyo ilikuwa kwenye waya tatu tofauti chini ya dashibodi moja.

Kwa hiyo usitafute rangi, tafuta tabia. Fungua plastiki ya chini ya usukani na ya pembeni mwa mguu wa dereva. Betri iache imefungwa kwa sasa, maana waya usio na umeme haupimiki. Weka mita kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Ncha nyeusi ibane kwenye chuma tupu cha bodi, nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi ya swichi bila kuichomoa. Anza na betri yenyewe: ikiwa imepumzika isome karibu 12.6. Ikisoma chini ya 12.2, ichaji kwanza, la sivyo vipimo vyako vyote vitakuyumbisha.

Sasa zungusha ufunguo hatua kwa hatua na uangalie kila waya nene unafanya nini.

Waya wenye volti 12 muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, ni wa moja kwa moja kutoka betri. Unaopata umeme ufunguo ukifika ACC, unaubakiza kwenye ON, kisha unaupoteza stata inapozunguka, ni wa vifaa, yaani redio na kiberiti. Unaopata umeme kwenye ON na kuushikilia hata wakati stata inazunguka ni wa injini. Mchoro utauita IG1. Mwenzake, IG2, hupata umeme kwenye ON na katika baadhi ya magari huupoteza wakati wa stata. Mara nyingi hapo ndipo feni ya kiyoyozi hupata uhai, na ukiusahau gari litawaka kwa rimoti lakini kiyoyozi hakitapuliza. Wa mwisho hauna umeme popote isipokuwa sekunde zile stata inapozunguka. Huo ndio ST.

Pima kila mmoja mara mbili. IG1 na IG2 ndizo zinazochanganya watu, na tofauti yake, pale ilipo, huonekana katika sekunde moja tu ya kuzungusha stata, hivyo mwite mtu akuzungushie ufunguo huku wewe ukitazama mita. Mwambie awe kwenye P na mguu kwenye breki. Kila waya ukishajulikana, ufunge kikaratasi chenye jina lake hapo hapo. Kichwa hukumbuka mpaka simu iite.

Endelea na waya ndogo kabla hujakata umeme. Waya wa taa ya breki upo kwenye swichi juu ya pedali: sifuri pedali ikiwa haijakanyagwa, 12 ukikanyaga. Indiketa ni waya mbili, kulia na kushoto, mita ikiruka kati ya sifuri na 12 kwa mdundo wa indiketa yenyewe. Waya wa milango, kwenye Toyota nyingi, una umeme mlango ukiwa umefungwa na hushuka hadi sifuri ukifunguliwa, kwa sababu swichi ya mlango huugusisha kwenye bodi. Huo ni mlango wa hasi, na alamu nyingi zina waya wake maalumu. Fungua milango yote mmoja mmoja. Kama waya uliopata unaitika mlango wa dereva tu, tafuta ule wa taa ya dari unaoitikia yote.

Kukata umeme

Sasa fungua hasi ya betri, soketi namba 10, na usubiri dakika mbili kabla ya kurudi chini ya usukani. Toyota wenyewe hutaka angalau sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa uishe.

Kabla hujafungua, itazame redio yako. Redio nyingi za ramani zilizokuja na magari ya Japani zikikatiwa umeme hujifunga na kudai namba ya siri kwa Kijapani. Kama unaipenda, mtafute kwanza anayezifungua. Kama huipendi, umepata sababu ya kununua nyingine.

Kuunga

Usisokote tu. Vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa waya bila kuchubua navyo sivipendi, hasa huku: unyevu wa ziwa huingia, shaba inageuka kijani, na baada ya mvua mbili za masika alamu inaanza kulia bila sababu. Chubua ganda la waya wa gari sentimita mbili bila kukata shaba, tenganisha nyuzi katikati kwa sindano, pitisha waya wa alamu kwenye tundu hilo, uzungushe, ulehemu, kisha vika tepu kwa kuivuta kidogo kila mzunguko. Pale unapokata waya kabisa, tumia mpira wa kusinyaa. Uvishe kabla ya kulehemu. Kila mtu husahau mara moja.

Hasi ya boksi ifunge kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi, kwa boliti, isiende kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi. Nusu ya alamu zenye wazimu nilizowahi kuziona zilikuwa na hasi mbovu. Waya za umeme mkubwa kutoka betri zipitie fyuzi, ampea 30 kwa kishada cha kuwasha na 15 au 10 kwa alamu yenyewe kadiri mchoro unavyosema, na fyuzi ikae karibu na chanzo cha umeme, isiwe mwisho wa safari. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya wote ulioko baada yake.

Rilei ya kukata stata

Hapa nenda polepole. Kata waya wa ST uliouwekea karatasi. Sasa una ncha mbili: moja inatoka kwenye swichi, nyingine inaelekea stata. Usizichanganye, ziandike "swichi" na "stata" kabla ya plaizi kugusa.

Chukua rilei ya miguu mitano ya volti 12. Miguu imeandikwa namba ubavuni. Ncha ya swichi iende 87a, ncha ya stata iende 30. Miguu hiyo miwili hugusana rilei ikiwa imelala, kwa hiyo gari huwaka kama kawaida. Mguu 86 upe IG1, na 85 upe waya wa boksi ulioandikwa wa kukata stata, ambao hutoa hasi alamu ikiwa imefungwa kwa rimoti. Mguu 87 uache wazi. Mwizi akizungusha ufunguo alamu ikiwa imefungwa, rilei inaamka, 30 inaachana na 87a, na stata inabaki kimya. Boksi likifa siku moja, rilei inalala na wewe unaendelea na safari. Ndiyo maana nakata stata na si pampu ya mafuta wala IG1: kifaa kikipata wazimu ukiwa kwenye kasi barabara ya Shinyanga, injini haizimiki.

Waya wa boksi wa kuzungusha stata kwa rimoti, ule mnene, uungwe upande wa stata, yaani pamoja na mguu 30, si upande wa swichi. Ukiuweka upande wa swichi rilei yako itauzuia, utabonyeza rimoti na dashibodi itawaka bila injini kuzunguka. Nimeitwa kutazama tatizo hili mara nyingi kuliko jingine lolote.

Waya nene zilizobaki ni rahisi: za boksi za IG1, IG2 na ACC ziungwe kwenye wenzao bila kukata kitu.

Waya ndogo

Breki ni lazima kama unawasha kwa rimoti. Boksi likiona breki imekanyagwa bila ufunguo, linazima injini. Huo ndio mlinzi wako dhidi ya anayevunja kioo na kukaa kwenye usukani gari likiunguruma. Swichi ndogo ya boneti nayo ni lazima: fundi akifungua boneti kutazama feni, rimoti isiweze kuwasha injini juu ya vidole vyake. Iweke mahali maji hayatuami.

Indiketa ni waya mbili za boksi, mmoja kila upande. Usiunge zote upande mmoja wala kuziunganisha pamoja, utapata hazadi kila unapokata kona.

Sentaloki huwatisha watu kwa sababu boksi hutoa waya sita. Kabla hujakata umeme, pima swichi ya kufungia kwenye mlango wa dereva: kama waya wake hushuka hadi sifuri unapobonyeza, ni wa hasi, na magari mengi ya Japani yako hivyo. Kila rilei ya ndani ya boksi ina waya tatu: wa katikati (COM), wa wazi (NO, usioguswa rilei ikiwa imelala) na wa kufungwa (NC, unaoguswa rilei ikiwa imelala). Wa katikati peleka kwenye waya wa gari wa kufunga au kufungua, wa wazi peleka kwenye bodi, na wa kufungwa kata ufupi na uuvike tepu. Gari lisilo na sentaloki linahitaji mota milangoni, na hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Boksi nyingine hutaka waya wa kusoma mzunguko wa injini ili zijue lini ziachie stata. Upo kwenye injekta. Kabla hujakata umeme, weka mita kwenye volti za AC injini ikiwa inaunguruma. Waya unaosoma volti chache na kupanda unapokanyaga mafuta ndio wenyewe. Kwa dizeli, washa mpangilio wa kusubiri plagi za joto kabla ya stata.

King'ora kikae upande wa injini, mbali na egzosi, mdomo ukitazama chini ili maji yasijae. Waya zake zipitie tundu lililopo lenye mpira. Ukitoboa jipya bila mpira, chuma kitakata waya. Boksi lenyewe lifiche ndani, juu, si kwenye zulia. Kisoma mtikisiko kibane kwenye chuma imara katikati ya gari. Kitufe cha dharura kifiche mahali unapopafikia gizani, na mwonyeshe mwenza wako.

Kujaribu

Rudisha hasi ya betri. Cheche ndogo ni ya kawaida. Moshi si wa kawaida, ondoa haraka.

Funga alamu, fungua kila mlango, kisha boneti. Funga tena, zungusha ufunguo: stata ikae kimya. Ikizunguka, 87 na 87a umezibadilisha.

Kuwasha kwa rimoti kujaribie sehemu tambarare na ya wazi, jiwe mbele na nyuma ya tairi, handbreki juu. Kwanza kwenye P. Injini iwake, mita kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Kanyaga breki, izime. Jaribio la pili ni muhimu kuliko la kwanza: rudisha ufunguo mwisho gia ikiwa D, kaa kwenye kiti mguu ukiwa juu ya breki bila kuigusa, boneti na milango imefungwa, bonyeza rimoti. Stata isizunguke kabisa. Ikizunguka, swichi ya gia ya gari lako haikati stata, kwa hiyo kata waya wa rimoti wa kuzungusha stata na ubaki na alamu. Hakuna mpangilio wa boksi utakaorekebisha hilo.

Gari likilala ndani ya gereji yenye mlango, usiliwashe kwa rimoti likiwa humo. Moshi wa egzosi hauna harufu ya kutosha kumwamsha aliyelala chumba cha pili.

Mwisho pima unyonyaji. Gari limezimwa na kufungwa, mita ikiwa kwenye ampea 10 kati ya hasi ya betri na waya wake, subiri dakika kadhaa mpaka vifaa vyote vilale. Isizidi miliampea 50 au hivi. Wakati mita iko hapo usizungushe ufunguo, utaunguza fyuzi yake. Alamu ya miliampea 20 hula karibu nusu ampea-saa kwa siku. Kwa betri ndogo ya 35 ambayo imeshachoka, safari ya wiki tatu Dar inatosha kukukuta na gari la kusukuma.

Kisoma mtikisiko kianze chini kabisa, upandishe kidogo kidogo. Kipimo changu ni ngumi ya wastani kwenye nguzo ya mlango: ilie. Boda boda ikipita isilie, na mvua ya radi isilie. Wiki ya kwanza mimi nilikiacha juu. Alfajiri moja mama wa nyumba ya tatu alinisubiri getini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, mwizi wako amekuja mara sita usiku wa leo, na hajachukua kitu." Kwenye kivuko, mtikisiko wa injini ya meli unatosha kuamsha king'ora cha kila mwenye kisoma kikali, kwa hiyo kabla ya kushuka garini pale Kamanga zima kisoma kwa rimoti na uache milango tu ikilindwa. Boksi nyingi hufanya hivyo kwa kubonyeza kufunga mara mbili mfululizo. Jaribu nyumbani ujue la kwako linataka nini.